Nani Ajifunze Lugha ya Nani? Historia Fupi ya Uso wa Kompyuta, Kutoka Hazina Hadi Kihesa

Kila chombo alichokitengeneza binadamu kina pande mbili. Upo upande wa ndani unaofanya kazi, na upo upande wa nje ambao mtu hukutana nao. Jembe lina bamba la chuma, lakini mkono wako unakutana na mpini. Baiskeli ina mnyororo na gololi, lakini wewe unashughulika na usukani, pedeli na breki. Mpini ukiwa mbaya utalima kwa malengelenge, hata kama bamba lake ni la chuma cha daraja la kwanza. Kompyuta nayo ina mpini wake. Wataalamu wa lugha wameuita kiolesura. Wanafunzi wangu wa stashahada hapa Kihesa, mjini Iringa, wanauita uso, nami nimekubaliana nao. Kwa hiyo katika makala hii nitatumia neno lao.

Ndugu msomaji, kazi yangu ni kuwafundisha vijana hao misingi ya kuusanifu uso huo: mpangilio wa menyu, maneno ya kuweka kwenye kitufe, mahali pa kuandika tahadhari, namna ya kumsaidia aliyekosea arudi nyuma bila hasara. Vitabu vya somo hili vipo, na vingi ni vizuri. Lakini aghalabu huanza katikati ya safari, kana kwamba uso wa kompyuta ulikuwapo tangu zama na zama kama jiwe la Gangilonga. Gangilonga, kwa asiyelijua, ni lile jiwe kubwa linaloutazama mji wetu kutoka kilimani, na jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linalosema. Jiwe lile tumelikuta. Uso wa kompyuta uliundwa na watu, katika miaka inayojulikana, kwa ajili ya watu wengine wanaojulikana. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo hunakili tu. Anayeijua huuliza swali, na swali lenyewe ni hili: kati ya mtu na mashine, nani amelazimika kujifunza lugha ya mwenzake?

Tuanze na kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, ambayo wengi tunaiita Hazina. Mashine za aina ile hazikuwa na uso wa kusemwa. Karani hakuwa na kioo cha kutazama wala kitu cha kubofya. Aliandika tarakimu zake kwenye fomu; mtu mwingine akazitoboa katika kadi za karatasi ngumu, tundu kwa tundu; kadi zikalishwa kwenye mashine; mashine ikanguruma, na baadaye ikatoa karatasi zilizochapwa. Aliyejaza fomu na mashine iliyoisoma hawakukutana. Tundu likitobolewa pasipo pake, kosa lingegunduliwa baada ya saa au siku kadhaa, na pengine ni mwenye mshahara ndiye angekuwa wa kwanza kuliona. Jibu la swali letu kwa wakati ule ni wazi. Mtu ndiye aliyejifunza lugha ya mashine, na asiyejifunza alibaki nje ya mlango.

Basi mambo hayakwenda vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na jaribio hilo likaharibika. Wataalamu wengi walikuwa wageni, mafunzo ya watu wetu yalikuwa haba, hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu, na televisheni nazo zikaingizwa katika amri hiyohiyo. Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na ilipofika miaka ya 1990, soko likiwa limefunguliwa, kompyuta za mezani zikaanza kuonekana maofisini.

Wanafunzi wakisikia habari hii hucheka. “Eti walipiga marufuku kompyuta!” Mimi siicheki. Nchi maskini ilikuwa imetumia fedha za kigeni kwa chombo ambacho watu wake hawakuweza kukishika sawasawa, ikaona heri kukiweka kando. Kinachonishughulisha ni jinsi tunavyolisimulia tukio lenyewe. Hukumbukwa kama habari ya makarani wasioijua kompyuta. Lakini lingeweza kusimuliwa pia kama habari ya kompyuta isiyowajua makarani. Mwaka 1988 Mmarekani Donald Norman aliandika kitabu akaeleza jinsi watu wanavyojilaumu wenyewe kwa makosa ya milango na majiko yaliyosanifiwa vibaya: mtu anasukuma mlango wa kuvuta, halafu anajiona mjinga. Sisi tulikuwa tumekwisha kujilaumu, tena kama taifa, miaka kumi na minne kabla ya kitabu hicho.

Katika miaka hiyohiyo, huko nje uso wa kompyuta ulikuwa unazaliwa. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha mbele ya hadhara ya wataalamu mashine yenye kioo, na kidude cha mkononi kilichosogeza alama juu ya kioo hicho. Kidude chenyewe ndicho tunachokiita kipanya. Mwaka 1973 maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Kalifonia, ilitengeneza kompyuta ya Alto, na mwaka 1981 Xerox hao wakaiuza kompyuta iliyoitwa Star. Mwaka 1984 Apple wakatoa Macintosh, yenye picha ndogo ndogo zilizochorwa na msanii Susan Kare. Kuanzia hapo mtu hakuhitaji kukariri amri. Aliona picha, akaielekezea alama, akabonyeza.

Nawaomba wanafunzi wasimame hapo kwenye Star. Wasanifu wake walifanya jambo la busara sana: walijiuliza mteja wao ni nani. Wakajibu kwamba ni mfanyakazi wa ofisini asiyejua kompyuta na asiyetaka kuijua. Basi wakaichukua ofisi yake wakaiweka juu ya kioo: hati, jalada la kuwekea hati, mtoto wa kabati la kuwekea majalada, kikapu cha barua zinazoingia na kikapu cha barua zinazotoka. Mfanyakazi akikitazama kioo anaiona meza yake. Kwa mara ya kwanza mashine ndiyo iliyojifunza lugha ya mtu. Ila mtu huyo alikuwa karani wa Marekani, katika ofisi ya Marekani, na jina la faili katika ofisi yake lilikuwa na maana ya kwao.

Sasa hebu ingia katika ofisi ya Serikali hapa Iringa, uende masijala. Ukiomba faili utaletewa jalada la karatasi ngumu, lenye namba yake juu, na ndani yake barua nyingi zilizotobolewa na kufungwa kwa mpangilio, kila moja na namba yake ya folio. Faili kwetu ni chombo kinachobeba barua. Faili linatembea kutoka meza hadi meza, linaandikwa dokezo, linapotea, linatafutwa, na wakati mwingine halisogei mpaka mwenye nalo ajisikie. Kijana aliyelelewa na karani anajua haya yote kabla hajagusa kompyuta. Halafu anafika chuoni anaambiwa kwamba faili ni barua moja tu, na lile jalada linalobeba barua ndilo linaitwa folda. Neno analolijua vizuri ndilo linalompoteza.

Kila mwaka huleta darasani jalada tupu la masijala, nikawaomba wanipangie picha za kompyuta upya kwa kulifuata. Mwaka mmoja kijana akasema, “Mwalimu, hapo basi kompyuta imekosea.” Nikamjibu kwamba haikukosea bwana, iliongea na karani mwingine. Mwenzake akadakia, “Na lile pipa la taka? Nyumbani kwetu tuna shimo nyuma ya jiko, na kikishaingia shimoni hakirudi.” Darasa likacheka, lakini alikuwa amegusa pahala. Katika kompyuta, ukitupa kitu pipani unaweza kukiokota tena, na ukarimu huo ni moja ya kanuni kubwa za somo hili: mwachie mtu njia ya kurudi. Mtu ambaye taka zake huishia shimoni na kuchomwa, picha ya pipa haimwambii hivyo. Inabidi aambiwe kwa maneno.

Kwa hiyo kompyuta zilipotufikia kwa wingi, zilikuja na uso uliokwisha kukamilika. Mtu angedhani dawa yake ni kuutafsiri. Kazi hiyo ilifanyika, tena na watu makini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili. Microsoft nao wakaleta Kiswahili katika Windows na Office. Niseme wazi kwamba kazi ile ilikuwa ya heshima. Watu walikaa wakatafuta neno kwa neno, maelfu ya maneno, kwa ajili ya msemaji ambaye hakuwahi kuulizwa anaitaka kompyuta kwa lugha gani.

Lakini nikipita katika maabara zetu za hapa Kihesa, kompyuta zote nazikuta kwa Kiingereza, na mwanafunzi nikimgeuzia moja kwa Kiswahili anahangaika kidogo halafu anaomba nimrudishie. Sababu mojawapo inajulikana: amefundishwa kwa Kiingereza na atafanya mtihani kwa Kiingereza. Sababu ya pili ipo katika maneno yenyewe. Yapo maneno yaliyokubalika mara moja. Pakua, kwa mfano. Mama anapakua chakula kutoka chunguni kukiweka sahani. Nawe unapakua wimbo kutoka mtandaoni kuuweka kwenye simu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bofya nalo hivyohivyo. Nyanda hizi za juu tunalima maparachichi, na kila mtu anajua kubofya parachichi kwa kidole kuona kama limeiva. Ila nywila je? Tarakilishi? Ngamizi? Maneno haya yametungwa kwa ufundi, lakini mtu wa kawaida hakutani nayo sokoni wala jikoni. Anasema paswedi, anasema kompyuta, maisha yanaendelea. Tena neno faili lilitafsiriwa faili, na ule mkanganyiko wa masijala ukabaki palepale. Tulibadilisha maandishi, ofisi ikabaki ileile ya Xerox.

Uso wa kwanza wa mashine ulioingia nyumbani kwa Mtanzania wa kawaida ukakaa ulikuja kwa njia nyingine. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuja na simu ya vitufe.

Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya walianza kujaribu huduma mpya jijini Nairobi na mjini Thika, kwa wateja wapatao 500. Lengo lilikuwa wakopaji wadogo walipe marejesho yao kwa simu. Waliokuwa wakiliangalia jaribio waliona kitu kingine. Wateja walikuwa wanatumiana fedha wao kwa wao. Wasanifu wakafuata watu walikoelekea, wakaiacha habari ya mikopo, na tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Hapa ndipo huwaambia wanafunzi kwamba jaribio zuri ni lile ambalo mtu anaruhusiwa kukuonyesha kwamba ulikuwa unasanifu kitu kingine.

Tazama sasa uso wenyewe. Unapiga nyota 150, nyota 00, reli. Inakuja orodha fupi yenye namba. Ujumbe mmoja wa namna hiyo hauzidi herufi 182, kwa hiyo msanifu hana nafasi ya kujisifu wala kupamba. Lazima aulize swali moja kwa wakati mmoja. Maneno yake ni tuma, toa, lipa, salio. Kuna mfanyabiashara gani wa soko la Kihesa asiyeyajua? Hata muamala, neno lililokuwa la vitabu, leo linatamkwa na mtoto wa shule. Ukimaliza, ujumbe unaingia kukuambia umetuma kiasi gani, kwa nani, na umebakiwa na nini. Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, alipanga kanuni kumi za uso mzuri. Ya kwanza inataka mtu aonyeshwe kila mara mashine inafanya nini, na ya pili inataka mashine iseme lugha ya mtumiaji. Simu ya vitufe ya mwanakijiji ilizitimiza zote mbili.

Kuna sehemu ya uso huo ambayo haimo ndani ya simu. Ni wakala. Kibanda, benchi, daftari, na kijana anayesema “Shikamoo mama, unatoa au unaweka?” Bila yeye menyu ile isingefika mbali. Watu nao wakaongeza ya kwao. Anayeomba fedha husema “nitumie na ya kutolea,” yaani aongezewe gharama ya kuzitoa kwa wakala. Msemo huo ulizaliwa midomoni mwa watu, na msanifu mwenye masikio anajifunza kwao ni nini wanachokihesabu wakati wa kutuma. Makosa nayo yalifundisha. Ukikosea tarakimu moja ya namba, pesa yako ilikwenda kwa mtu usiyemjua. Mwaka 2015 Safaricom walileta Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha. Kwetu pia menyu siku hizi huonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri. Jina moja, mstari mmoja, na mshahara wa mwezi umeokolewa.

Mwaka 2007, uleule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, hapahapa Kihesa chuo kikuu cha Tumaini, tawi la Iringa, ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari. Mwaka 2009 Matti Tedre kutoka Finland, Nicholas Bangu na Seth Nyagava walichapisha makala kuhusu mpango huo. Hoja yao ilikuwa kwamba mitaala mashuhuri ya kompyuta imeandikwa kwa ajili ya nchi zenye viwanda, na kwamba mtaalamu wa Tanzania lazima afundwe kwa mazingira atakayofanyia kazi: umeme wake, mtandao wake, taasisi zake, watu wake. Mimi sifundishi huko, ni jirani tu, katika chuo kidogo zaidi. Lakini hoja ile nimeichukua jumla, na ndiyo iliyonifanya niwatoe wanafunzi nje ya maabara.

Zoezi la kwanza huwa ni la umeme. Mita ya LUKU inadai tarakimu 20. Namwandikia mwanafunzi tarakimu hizo kwa mfululizo bila nafasi, azibonyeze kwenye kikokotoo huku wenzake wakimpigia kelele. Halafu namwandikia tarakimu zilezile katika mafungu ya nne nne. Hakuna aliyehitaji kuambiwa tofauti, kidole chenyewe kimekwisha kumwambia.

Zoezi la pili ni la kukaa. Wanafunzi wanaomba ruhusa kwa wakala, wanajitambulisha kwa wateja, wanakaa kwenye benchi. Nawakataza kutazama namba za watu. Watazame vidole, na wasikilize. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu watano wakikitumia kitu, sehemu kubwa ya makosa ya kitu hicho utakuwa umekwisha kuiona. Watano benchini hawachukui hata saa moja siku ya gulio.

Siku moja kundi la wanafunzi watatu lilirudi limenyamaza. Walikuwa wamekaa na bibi mmoja muuza mboga, mwenye simu ya vitufe, aliyetaka kumtumia mjukuu wake ada. Bibi anajua kusoma. Anasoma polepole, kwa kidole, kama wengi waliojifunza ukubwani. Akapiga namba, orodha ikaja, akaanza kuisoma. Kabla hajafika mwisho orodha ikapotea. Akapiga tena. Safari hii akafika hatua ya tatu, ikapotea tena, na ujumbe ukamwambia muda umekwisha. Mara ya tatu hakupiga. Akamwinulia simu kijana aliyekuwa anapita, si wakala, si ndugu, kijana tu. “Mwanangu, hebu nisaidie, macho yangu haya.” Kijana akaishika, vidole vikakimbia. Alipofika kwenye namba ya siri akauliza, na bibi akaitamka kwa sauti, tarakimu zote nne, mbele ya benchi zima.

Kijana yule alikuwa mwema, na ada ilifika. Lakini namba ya siri ya bibi haikuwa siri tena.

Tulijadili jambo hilo vipindi viwili. Mwanafunzi mmoja alisema tatizo ni elimu, wazee waelimishwe wasitaje namba. Binti aliyekuwa benchini akamkatalia. “Bibi anajua kwamba si ya kutajwa. Aliitaja kwa sababu mashine haikumngoja.” Tukalichambua kiufundi. Menyu ile ya nyota na reli ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na mtandao. Njia inabaki wazi kama vile umepiga simu, na mtu akichelewa kujibu, mtandao hukata ili njia itumiwe na mwingine. Mtu fulani, katika ofisi fulani, alipanga mtumiaji angojwe kwa muda gani. Huenda alijipima mwenyewe, msomaji wa haraka. Asiyeweza kuimaliza mbio hiyo hana budi kumpa simu anayeweza, na akimpa simu ampe na siri. Kwa hiyo sekunde chache zilizowekwa na mhandisi zinaishia kufungua pochi ya bibi mbele ya hadhara. Hakuna kanuni ya usalama iliyovunjwa na mashine, kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa. Na mtu akiibiwa siku nyingine kwa njia hiyo, ataambiwa yeye ndiye aliyeitaja namba yake.

Ndipo nikawarudisha mwaka 1974. Niliwauliza: karani wa Hazina na bibi huyu wana nini pamoja? Hawakuchukua muda. Wote wawili mashine iliwataka wawe watu wengine, na walipobaki wao wenyewe, lawama ikawaangukia.

Wanafunzi walichora mapendekezo yao kwenye karatasi, kadi moja kwa kila hatua. Lenye kutumwa mara nyingi likae juu. Orodha ziwe fupi hata kama hatua zitaongezeka. Njia ikikatika, mashine ikumbuke ulipofika, ukipiga tena ikuulize kama unaendelea. Na namba ya siri iombwe peke yake, baada ya yote, ili bibi akitaka kusaidiwa kusoma asaidiwe mpaka hapo, kisha arudishiwe simu aibonyeze mwenyewe. Walirudi sokoni na kadi zao, wakawa wao ndio mashine: mteja akigusa jibu, wanambadilishia kadi. Waligundua kwamba hata maneno yao wenyewe yaliwakwaza watu. Waliandika “chagua huduma,” mama mmoja akauliza huduma ni ya zahanati au ya kanisa. Wakafuta, wakaandika “unataka kufanya nini?” Akajibu palepale.

Sijui, ndugu msomaji, kama kadi zile zitafika mezani kwa mtu mwenye uwezo wa kubadilisha sekunde hizo. Simu za kugusa zinazidi kuenea na zina picha na rangi nyingi, na vijana wangu wanazipenda. Lakini pale sokoni nyota na reli bado zinafanya kazi, na wanaozitegemea zaidi ni wale wasio na mwingine wa kuwasemea. Katika miaka hii sitini mashine imejifunza kiasi. Ilimtaka karani wetu atoboe matundu. Ikajifunza ofisi ya mgeni ikatuletea. Tukaipa maneno yetu. Ikajifunza kutuma na kutoa kwa lugha ya soko. Kumngoja mtu asomaye polepole bado haijajifunza, na hilo haliwezi kujifunza lenyewe. Atalifundisha yule atakayekaa mezani kuamua ni sekunde ngapi, naye huenda leo ni kijana wa mwaka wa kwanza hapa Kihesa.

Ndiyo maana muhula ujao tunaanza na karatasi, kalamu na benchi la wakala. Kompyuta tutaziwasha wiki ya nne.